UZI: Faili lipi ni jipya? Kulinganisha muda wa mafaili kwenye skripti za sheli

#1 Mizani ya Tukuyu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huku Rungwe mvua zikichanganya, majani ya chai yanaongezeka na vituo vya kukusanyia vinapima kutwa nzima. Karani anaandika kilo za kila mkulima kwenye kompyuta, kisha anahamishia faili la siku kwenye flashi, flashi inapanda bodaboda hadi ofisini, na huko skripti inaingiza zile kilo kwenye hesabu za malipo. Niliitwa kwenye ofisi moja ya namna hiyo kuangalia malalamiko: kuna wakulima walioandikiwa kilo za siku moja mara mbili, na kuna wengine ambao kilo zao za siku nzima hazikuonekana kabisa. Mkulima aliyeamka alfajiri kuchuma kwenye ukungu anastahili kilo zake zote, na mwenzake asilipwe zaidi ya alichopima. Nikafungua skripti. Mstari uliobeba kila kitu ulikuwa huu:

```
[ "$f" -nt "$muhuri" ] && ingiza "$f"
```

Maana yake: faili likiwa jipya kuliko faili la muhuri (lile linaloguswa kila skripti inapomaliza kazi), liingize. Mstari umeandikwa sawasawa, na Bash (sheli, yaani programu inayosoma na kutekeleza amri) inautekeleza bila kulalamika. Tatizo liko kwenye kile tunachodhani unatuambia. Skripti za aina hii nimezikuta Mbeya mjini, Kyela, hata Makambako, kwenye maduka ya jumla, maghala na ofisi za vyama vya msingi, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Tuanze na msingi. Kila faili kwenye Linux lina nyakati tatu za kudumu. Kuna mtime, wakati maudhui yalipoandikwa mara ya mwisho. Kuna atime, wakati liliposomwa. Na kuna ctime, ambayo wengi wanaidhania kuwa ni wakati wa kuzaliwa kwa faili, lakini siyo: ni wakati taarifa za faili zilipobadilika mara ya mwisho, yaani ruhusa, mmiliki, jina, au maudhui yenyewe. Ukitumia `-nt` (jipya kuliko) au `-ot` (la zamani kuliko) unalinganisha mtime peke yake. Ukitaka kuziona zote tatu, andika `stat jina_la_faili`.

Sasa, mambo ya kushika kuhusu `-nt`:

`a -nt b` ni kweli ikiwa mtime ya a iko mbele ya mtime ya b. Nyakati zikilingana kabisa, `-nt` ni uongo na `-ot` nayo ni uongo. Kwa hiyo usiandike `! [ a -nt b ]` ukidhani umesema "a ni la zamani". Umesema "a ni la zamani au yamelingana", na hiyo nusu ya pili ndiyo inayoleta vilio.

Kwenye Bash, kama b halipo na a lipo, `a -nt b` ni kweli. Hili ni zuri kwa mara ya kwanza skripti inapoendeshwa, muhuri ukiwa bado haujaundwa.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili: mtime ni maelezo ya saa fulani. Saa ya mashine iliyoandika faili ndiyo iliyosema, na anayenakili faili anaweza kuyabeba maelezo hayo, kuyabadilisha, au kuyapoteza. Kulinganisha mtime mbili zilizotoka kwenye saa mbili ni kama kupima gunia kwenye mizani mbili ambazo hazijawahi kusahihishwa pamoja. Jibu utalipata, ila huwezi kulilipia mtu hela.

Nitaendelea. Kama kuna aliyekutana na haya, atupe uzoefu.

---

#2 Fundi wa Mwanjelwa

Mkuu nimekuelewa kwenye nadharia. Nataka kujua pale ofisini zile kilo zilijirudia vipi hasa. Maana muhuri uliguswa baada ya kuingiza, faili lilikuwa la nyuma ya muhuri, sasa lilirudije kuwa jipya?

---

#3 Mizani ya Tukuyu

Fundi, hapo ndipo penyewe.

Flashi nyingi tunazonunua zimefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao Windows na Linux zote zinausoma. FAT haihifadhi wakati wa dunia (UTC) kama ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, inavyofanya. Inaandika saa ya ukutani ya kompyuta iliyoandika, bila kutaja ni saa ya ukanda gani. Karani amehifadhi faili saa nne asubuhi kwenye Windows iliyowekwa saa za Afrika Mashariki, flashi imeandika 10:00, basi.

Seva ya pale ofisini ilikuwa imewekwa UTC, kama seva nyingi zinavyokuja. Inaposoma flashi inaona 10:00 na kuichukulia kuwa ni 10:00 UTC. Kwetu hiyo ni saa saba mchana. Faili limesogezwa saa tatu mbele ya ukweli.

Sasa fuatisha: flashi ikafika na kuingizwa saa tano asubuhi. Muhuri ukaguswa saa tano, ambayo ni 08:00 UTC. Skripti ikaendeshwa tena saa sita na cron, ile programu ya kuendesha kazi kwa ratiba. Inaona faili la 10:00 UTC na muhuri wa 08:00 UTC. Faili "ni jipya". Likaingizwa tena. Kilo mara mbili. Siku ambazo flashi ilichelewa njiani hadi alasiri, muhuri ulikuwa umeshavuka ile saa ya uongo, hakuna kilichojirudia, na ndiyo maana kosa lilionekana kama la bahati nasibu, wakati lilikuwa linafuata ratiba ya bodaboda.

Ukitaka kuirekebisha flashi yenyewe wakati wa kuipachika, vfat (jina la FAT kwenye Linux) inakubali hivi:

```
mount -t vfat -o ro,time_offset=180 /dev/sdb1 /mnt/flashi
```

Dakika 180 zinatolewa kwenye kila wakati ulioandikwa ili kupata UTC. Kwetu Tanzania ni rahisi kwa sababu saa zetu hazibadiliki kwa majira, ni UTC+3 mwaka mzima.

Tena FAT inahifadhi mtime kwa hatua za sekunde mbili. Faili lililoandikwa sekunde ya 7 likihamia kwenye FAT litasomeka sekunde ya 6 au ya 8. Hilo tutalirudia mtu akiliuliza, kwa sababu linasumbua sana kwenye bakapu.

---

#4 Dada wa Mafinga

Asante kaka, somo limeingia. Mimi nataka uzungumzie upande wa pili, wale ambao kilo zao zilipotea.

Huku Mafinga kuna yadi ya mbao ninayoisaidia mambo ya kompyuta. Wanatumia Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, kuandika mbao zinazotoka. Umeme ukikatika usiku na kurudi asubuhi, ile Pi inaamka ikiwa na saa ya jana. Kama intaneti nayo imekata, inaendelea hivyo hivyo mpaka mchana. Mafaili ya siku hiyo yanaonekana ni ya zamani kuliko muhuri na skripti inayapita kana kwamba hayapo. Je, huko Tukuyu ilikuwa hivyo?

---

#5 Mizani ya Tukuyu

Dada, umelitaja lenyewe, na nakushukuru kwa kulieleza vizuri. Pi 4 na zilizotangulia hazina saa yenye betri. Pi 5 inayo saa ndani, ila betri yake unanunua mwenyewe. Bila betri, mfumo unaamka na wakati uliohifadhiwa mara ya mwisho kwenye diski, kisha unasubiri NTP (huduma ya kusahihisha saa) iusahihishe, na NTP inahitaji mtandao. Kompyuta za mezani zenye betri ya ubao iliyokufa nazo ni hivyo hivyo: saa inarudi miaka nyuma, na karani wala hajali kwa sababu kazi yake inaendelea. Betri ile ya duara ya CR2032 inabadilishwa kwa dakika chache. Kagueni.

Huko Tukuyu kulikuwa na sababu nyingine, na ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Aliyeandika skripti alinakili kutoka kwenye flashi hivi:

```
cp -p /mnt/flashi/*.csv "$folda"/
```

`-p` inabeba mtime ya awali. Watu wengi huiweka wakijua ni uangalifu, na kwenye bakapu ni uangalifu kweli. Lakini tazama: faili limeandikwa Ijumaa jioni huko Mwakaleli. Njia ilikuwa na utelezi, flashi haikushuka. Jumamosi vituo vingine vilileta za kwao, skripti ikaendeshwa, muhuri ukasoma Jumamosi. Jumatatu flashi ya Mwakaleli inafika. `cp -p` inaliweka faili likiwa na mtime ya Ijumaa. Ijumaa iko nyuma ya Jumamosi. Skripti inalipita. Kilo za kituo kizima zimepotea, bila ujumbe wowote wa hitilafu.

Kwa hiyo kabla hujaandika `-nt`, amua unauliza nini. "Faili hili liliandikwa lini?" ni swali moja. "Faili hili limefika kwangu lini?" ni swali la pili. Anayeingiza mapokezi anauliza la pili, na mtime iliyobebwa na `-p` inajibu la kwanza.

Namna ya kupata wakati wa kufika:

Moja, nakili kwa `cp` tupu, bila `-p`. Nakala inapata mtime ya sasa kwa saa ya seva yako. Hapo faili na muhuri vyote vimepigwa na saa moja, na mambo ya FAT, ya Pi, ya Windows yote yanabaki nje ya mlango.

Mbili, kama unalazimika kutunza mtime ya awali, tumia ctime. Hakuna `touch` wala `cp -p` inayoweza kuirudisha ctime nyuma. Keneli (kiini cha Linux) ndiyo inayoiandika kwa saa yake wakati faili linapoundwa hapo kwako. `test` haina alama ya ctime, ila `find` inayo:

```
find "$folda" -type f -name '*.csv' -cnewer "$muhuri"
```

Hiyo inalinganisha ctime ya kila faili na mtime ya muhuri. Tahadhari yake: mtu akiendesha `chmod` au `chown` kwenye folda nzima, kila faili litaonekana limefika leo.

Na mjue zana nyingine zinafanya nini na mtime, kwa sababu kila moja ina tabia yake. `mv` ndani ya diski ile ile haiigusi. `tar` ikifungua inarudisha ya awali. `git` haihifadhi mtime kabisa, kwa hiyo faili linapata wakati ulipolitoa. `wget` inaweka wakati uliotajwa na seva ilikotoka, siyo wakati ulipopakua, na hili linawashangaza wengi.

---

#6 Kamwene Iringa

Kamwene wadau. Uzi mzuri sana, nautunza kwa ajili ya vijana ninaowafundisha hapa Iringa.

Naongeza mambo ambayo nayaona kila muhula.

Kuna mwanafunzi anayetaka kujua lipi ni jipya, anaandika hivi akiamini alama ya "kubwa kuliko" itafanya kazi:

```
if [ mauzo.csv > nakala.csv ]; then
```

Ndani ya mabano haya ya mraba ya kawaida, `>` ni ya kuelekeza matokeo kwenye faili. Sheli inafungua nakala.csv na kuifuta yote, kisha inajaribu kama neno "mauzo.csv" si tupu, na jibu ni kweli. Hakuna ujumbe wa hitilafu, na nakala imebaki baiti sifuri. Kwenye `[[ ]]` ya Bash haifuti, ila inalinganisha majina kwa alfabeti, ambayo nayo si jibu la swali. Nawaomba wote wanaofundisha waonyeshe hili kwa vitendo kwenye faili la majaribio. Mwanafunzi akiliona likifutika mbele ya macho yake hatasahau.

La pili, kuhusu faili lisilokuwepo. Mkuu wa Tukuyu amesema "kwenye Bash", na neno hilo lina uzito. Ubuntu tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006 inatumia dash, sheli nyingine nyepesi, kama `/bin/sh`, na Debian ilifuata. Cron nayo inaendesha amri zake kwa `/bin/sh` usipoielekeza vingine. Kwenye dash, kama faili mojawapo halipo, `-nt` ni uongo. Skripti uliyoijaribu kwenye terminali ya Bash ikafanya kazi, ukiipeleka cron ikiwa na `#!/bin/sh` juu, siku ya kwanza haitaingiza kitu, na kwa kuwa haikuingiza haitaunda muhuri, na kesho yake pia.

`-nt`, `-ot` na `-ef` zilikaa miaka mingi nje ya POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix. Zimeingizwa rasmi kwenye toleo la 2024, na humo imeandikwa kama Bash inavyofanya: la pili lisipokuwepo, ni kweli. Lakini seva zenye sheli za zamani zitakuwepo muda mrefu. Andika kwa uwazi:

```
if [ ! -e "$muhuri" ] || [ "$f" -nt "$muhuri" ]; then
```

Hii inaelewana kila mahali. Na nukuu pande zote mbili za `$f` tafadhali, maana makarani wetu wanaita mafaili "kilo za Juni kituo B.csv" na wana haki ya kufanya hivyo.

---

#7 Mdau wa Mbozi

Nimesoma yote. Mimi nina mtazamo tofauti kidogo, naomba tujadili kwa hoja.

Kwa nini tuhangaike na saa wakati saa zenyewe haziaminiki? Chukua sha256sum ya kila faili, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye maudhui yake, iandike kwenye daftari, na faili ambalo alama yake imo kwenye daftari usiliingize. Hakuna FAT, hakuna UTC, hakuna betri. Huku kwetu kwenye kahawa nimefanya hivyo na kazi inaenda.

---

#8 Mizani ya Tukuyu

Mdau wa Mbozi, hoja yako ni ya msingi na kwa sehemu kubwa nakubaliana nawe. Maudhui hayadanganyi. Kama mafaili ni machache, tumia sha256sum peke yake na usiguse `-nt`.

Sehemu ninayotofautiana: folda ikishakuwa na mafaili ya misimu kadhaa, kusoma kila baiti kila baada ya dakika tano ni kazi kubwa kwa mashine ndogo. Mtime inasomwa bila kulifungua faili. Kwa hiyo iache mtime ichuje, na sha256sum iamue. Mtime inasema "haya yaangalie", alama ya maudhui inasema "hili nimeshalipokea". Nikiwa na vyote viwili, mtime ikikosea kwa kuleta faili la ziada, daftari linalizuia.

Hili linanipeleka kwenye jambo ambalo sijaligusa: muhuri unaguswa lini. Skripti ile iliugusa mwishoni, baada ya kazi. Tuseme kazi inachukua dakika mbili. Faili linalofika katikati ya hizo dakika mbili halikuwepo wakati `find` inapita, na mtime yake iko nyuma ya muhuri utakaoguswa mwishoni. Halitaingizwa kamwe. Muhuri lazima upigwe kabla ya kuanza, uwekwe pembeni kwa jina la muda, na upewe jina lake halisi kazi ikimalizika salama. `mv` haibadilishi mtime, kwa hiyo wakati wa kuanza unabaki ulivyo.

Hivi ndivyo ninavyoandika mimi sasa:

```
#!/bin/bash
set -u
folda=/srv/mizani/mapokezi
muhuri=/srv/mizani/.muhuri
daftari=/srv/mizani/daftari.txt

touch "$muhuri.mpya" "$daftari" || exit 1
[ -e "$muhuri" ] || touch -d '2000-01-01' "$muhuri"

if [ "$muhuri.mpya" -ot "$muhuri" ]; then
    echo "Saa ya mashine imerudi nyuma, nasimama." >&2
    exit 1
fi

find "$folda" -type f -name '*.csv' -newer "$muhuri" -print0 |
while IFS= read -r -d '' f; do
    alama=$(sha256sum < "$f") || exit 1
    grep -qxF "$alama" "$daftari" && continue
    ingiza "$f" || exit 1
    printf '%s\n' "$alama" >> "$daftari"
done || exit 1

mv "$muhuri.mpya" "$muhuri"
```

`ingiza` ni programu yako mwenyewe ya kupeleka kwenye hesabu. Yule `if` wa katikati ni kwa ajili ya dada wa Mafinga: kama muhuri uliopigwa sasa hivi ni wa zamani kuliko wa mara iliyopita, basi saa imerudi nyuma, na ni heri skripti isimame na kulalamika kuliko kupita mafaili kimya kimya.

Faili lililoingia kati ya `touch` na `find` litaonekana tena mzunguko unaofuata. Ni makusudi. Kati ya kuliona faili mara mbili na kutoliona kabisa, nachagua mara mbili, kwa sababu daftari lipo la kuzuia.

Jambo la mwisho hapa: anayeleta mafaili kwenye folda asinakili moja kwa moja kwa jina la mwisho, maana skripti inaweza kulisoma faili likiwa nusu. Nakili kama `kilo.csv.nusu`, ikiisha `mv` kwenda `kilo.csv`.

---

#9 Mdau wa Mbozi

Hapo kwenye kuchuja na kuamua umenishawishi. Nachukua skripti, nitaongeza muhuri kwenye ya kwangu. Shukrani.

---

#10 Baridi ya Njombe

Habari wakuu. Mimi nina la `find`, linahusu kufuta bakapu za zamani. Nimeweka:

```
find /bakapu -name '*.tar.gz' -mtime +7 -delete
```

Nilitegemea bakapu ya siku saba na nusu ifutwe. Haifutwi. Pia, nilijaribu kuangalia kama kuna faili lililobadilika kwa kulinganisha mtime ya folda yenyewe, `[ /data -nt muhuri ]`, na inakataa wakati nimehariri faili ndani yake.

---

#11 Kamwene Iringa

Naomba nijibu hili. `-mtime` inagawa umri wa faili kwa saa 24 na kutupa kipande kinachobaki. Siku saba na nusu zinakuwa 7, na `+7` inataka zaidi ya 7, yaani siku nane kamili kwenda juu. Ukitaka siku saba barabara, hesabu kwa dakika: `-mmin +10080`. Na kabla ya `-delete`, endesha kwanza kwa `-print` uone orodha.

Kuhusu folda: mtime ya folda inabadilika jina likiongezwa, likifutwa au likibadilishwa ndani yake. Kuhariri maudhui ya faili lililomo hakuigusi. Na jina likiongezwa kwenye folda ya ndani zaidi, ile ya juu haina habari. Usiitumie folda kama kipimo. Uliza mafaili yenyewe:

```
[ -n "$(find /data -type f -newer muhuri -print -quit)" ]
```

`-quit` inasimama ikipata la kwanza, kwa hiyo haichoshi diski.

---

#12 Fundi wa Mwanjelwa

Swali fupi. Nataka kujua faili lina umri wa zaidi ya saa moja, silinganishi na faili jingine. Na bosi ana Mac.

---

#13 Kamwene Iringa

Linux:

```
umri=$(( $(date +%s) - $(stat -c %Y "$f") ))
[ "$umri" -gt 3600 ]
```

Mac ni `stat -f %m "$f"` badala ya `stat -c %Y`. Kama faili ni simlinki (kiungo kinachoelekeza kwenye faili jingine), ongeza `-L` kwenye `stat`, la sivyo unapima umri wa kiungo. `-nt` yenyewe hufuata kiungo hadi kwenye faili lenyewe. Usichambue matokeo ya `ls -l`, kwa sababu faili likizidi miezi sita `ls` inaonyesha mwaka badala ya saa.

---

#14 Dada wa Mafinga

Kaka wa Tukuyu, uliahidi kurudi kwenye zile sekunde mbili za FAT. Yadi wana bakapu ya kila jioni kwenda kwenye flashi kwa rsync, programu ya kunakili yaliyobadilika tu. Kila siku inanakili mafaili mengi upya, hata ya mwaka jana ambayo hakuna aliyeyagusa. Flashi zinakufa haraka.

---

#15 Mizani ya Tukuyu

Dada, ahadi ni deni.

rsync kwa kawaida inalinganisha ukubwa na mtime. Kwenye diski ya ndani faili lina mtime ya 16:20:07. Ikilipeleka FAT, sekunde ya 7 haiwezi kuandikwa, inakuwa 6. Kesho rsync inaona 7 upande huu na 6 upande ule, inasema yametofautiana, inanakili upya. Sekunde zote zisizogawanyika kwa mbili zinaumia, ndiyo maana ni mafaili mengi. Mwambie ivumilie sekunde moja:

```
rsync -rt --modify-window=1 /data/ /media/flashi/
```

Nimeweka `-rt` badala ya `-a` kwa kuwa FAT haina wamiliki wala ruhusa za Linux, na `-a` itajaribu kuziweka na kulalamika. Hiyo `-t` usiiache: bila yenyewe nakala zinapata wakati wa sasa na kila jioni zitaonekana tofauti.

Ikiwa bado inanakili yote, angalia tofauti ni ya sekunde au ya saa tatu kamili:

```
stat -c '%y %n' /data/mbao.csv /media/flashi/mbao.csv
```

Ikiwa ni saa tatu, rudi kwenye `time_offset=180` kule juu. Na kama flashi ni ya bakapu tu, haisomwi kwenye Windows, ifomatiwe ext4. Hapo `--modify-window` haihitajiki tena.

---

#16 Dada wa Mafinga

Ni sekunde moja moja, si saa tatu. Nimeweka `--modify-window=1`, leo imenakili mafaili ya leo tu. Ya ext4 haiwezekani kwa sababu mhasibu anaifungua kwenye Windows yake, kwa hiyo inabaki FAT. Ubarikiwe kaka.